Maji Magumu: Kwa Nini Sabuni Inaisha Mapema, na Jinsi ya Kuyalainisha Nyumbani

Wakazi wengi wa Kaunti ya Kilifi wanaofua kwa maji ya kisima wanalijua tatizo hili. Unasugua sabuni kwenye nguo, povu halishiki, na juu ya maji kunaelea utando mweupe kama maziwa yaliyokatika. Shati la shule linageuka kijivu kabla ya muhula kuisha. Taulo linakauka likiwa gumu kama gunia. Aliyefua huilaumu sabuni, akabadilisha aina, kisha akakuta mambo ni yale yale.

Mara nyingi kosa si la sabuni. Ni la maji. Makala haya yanaeleza maji magumu ni nini, yanavyoathiri usafi wa kila siku, na hatua za bei nafuu ambazo kaya inaweza kuchukua bila kununua mashine.

Ugumu unatoka wapi?

Maji ya mvua ni laini. Yakianguka na kupenya ardhini, huchukua hewa ya kaboni iliyomo kwenye udongo na kuwa na asidi kidogo. Asidi hiyo huyeyusha mawe yenye chokaa. Kuanzia Mtwapa hadi Watamu, sehemu kubwa ya ufuo imekaa juu ya mwamba wa matumbawe, na mwamba huo ni chokaa. Ndiyo maana maji ya visima vya ukanda huu hubeba madini mengi ya kalsiamu na magnesiamu. Madini hayo mawili ndiyo yanayoyafanya maji kuitwa magumu.

Wataalamu hupima ugumu kwa miligramu katika lita moja ya maji. Katika uainishaji unaotumiwa mara nyingi, maji yenye chini ya miligramu 60 ni laini, na yanayozidi 180 ni magumu sana.

Maji magumu si sawa na maji ya chumvi. Maji ya chumvi utayatambua kwa ulimi. Maji magumu yanaweza kuwa matamu kabisa kinywani na bado yakakataa povu. Kisima kilicho karibu na bahari kinaweza kuwa na matatizo yote mawili kwa pamoja.

Pima mwenyewe

Chukua chupa mbili safi za plastiki zinazoonyesha ndani. Moja itie maji ya kisima hadi nusu, nyingine maji ya mvua au maji ya kunywa ya dukani. Kata vipande viwili vya sabuni ya mche, kila kimoja ukubwa wa punje ya haragwe, utie kimoja katika kila chupa. Funga, kisha tikisa sana mpaka sabuni iyeyuke.

Maji laini yatajaa povu, na chini ya povu yatabaki karibu angavu. Maji magumu yatatoa povu hafifu linalokufa upesi, na yatakuwa meupe yenye chembechembe. Tumia sabuni ya mche, si sabuni ya unga wala ya maji ya kuoshea vyombo. Hizo nyingi zimetengenezwa kwa namna inayostahimili maji magumu, kwa hiyo zitakuficha ukweli.

Sabuni inakwenda wapi?

Sabuni ikikutana na kalsiamu hushikana nayo na kuwa utando usioyeyuka. Sabuni iliyoshikwa hivyo haisafishi tena kitu. Ni mpaka madini yote yamalize kushika sehemu yake ndipo sabuni inayobaki ianze kutoa povu na kuondoa uchafu.

Tuchukue mfano. Mtungi wa lita 20 wenye maji ya ugumu wa miligramu 300 kwa lita una gramu 6 hivi za madini hayo, yakihesabiwa kama chokaa. Ili kuyamaliza, zinahitajika takriban gramu 36 za sabuni. Kaya inayotumia mitungi miwili ya maji ya sabuni kila inapofua inapoteza zaidi ya gramu 70. Baada ya kufua mara 11 hivi, mche mzima wa gramu 800 utakuwa umekwenda bila kusafisha hata soksi moja.

Utando wenyewe haupotei. Unabaki kwenye nyuzi za nguo, ndiyo sababu ya weupe kufifia na kitambaa kukakamaa. Unabaki kwenye kuta za bafu, kwenye beseni, na kwenye nywele zinazokuwa nzito na kukosa mng'ao baada ya kuoshwa.

Maji hayo yakichemshwa, sehemu ya madini hutoka na kuganda kama ukoko mweupe ndani ya birika na sufuria. Katika birika la umeme au hita ya bafuni, ukoko huo huzuia joto kufika kwenye maji. Kifaa hutumia stima zaidi, na waya wa ndani huungua mapema.

Njia ya kwanza: maji ya mvua

Maji ya mvua ndiyo laini kuliko yote, na hayana bei. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ya paa ni lita moja ya maji. Paa la mabati la mita 40 za mraba, mvua ikinyesha milimita 20, linaweza kutoa karibu lita 800, ukiacha kidogo kinachopotea. Wakati wa masika na vuli, yatenge maji hayo kwa kufulia na kuoshea nywele.

Yaache maji ya kwanza ya mvua yaoshe vumbi na kinyesi cha ndege kwenye paa kabla ya kuanza kukinga. Funika tangi au pipa vizuri mbu wasizaliane humo.

Njia ya pili: soda ya kufulia

Soda ya kufulia ni unga mweupe ambao wenye maduka wengine huuita soda ash. Kiwanda cha Magadi, Kaunti ya Kajiado, hutengeneza soda hiyo kutokana na magadi ya ziwa. Inapotiwa majini, hushikana na madini ya ugumu na kuyafanya yatuame chini, hivyo sabuni huachwa huru kufanya kazi yake. Kwa ule mtungi wetu wa mfano, gramu 6 au 7 za soda hufanya kazi ambayo ingemeza gramu 36 za sabuni.

Fanya hivi:

1. Yeyusha kijiko kimoja cha chai cha soda katika kikombe cha maji moto.
2. Mimina katika mtungi wa lita 20, koroga, uache saa moja. Ukiweza, uache usiku kucha.
3. Jaribu kwa sabuni kidogo. Povu likiwa hafifu, ongeza nusu kijiko. Maji mengi hayatahitaji zaidi ya vijiko viwili.
4. Mimina maji ya juu yaliyo safi, uache masimbi chini.

Soda itangulie, sabuni ifuate. Ukianza na sabuni, madini yatakuwa yameshaishika.

Jambo ambalo wengi hulisahau ni maji ya kusuuza. Nguo ikitoka kwenye maji laini ikiwa bado na sabuni, kisha ikatumbukizwa kwenye maji magumu, utando hujitengeneza palepale ndani ya kitambaa. Kwa hiyo lainisha pia maji ya kusuuza mara ya kwanza. Yanayofuata yanaweza kuwa ya kisima bila madhara makubwa.

Wazee wetu walitumia maji ya jivu la kuni yaliyochujwa, na hawakukosea. Jivu lina madini yanayofanya kazi inayofanana na ya soda. Tatizo lake ni kwamba nguvu zake hubadilika kulingana na kuni, na lisipochujwa vizuri huchafua nguo nyeupe.

Tahadhari

Soda ya kufulia si kostiki soda. Kostiki huunguza ngozi na macho vibaya sana. Hakikisha unachouziwa, na usinunue unga usio na maandishi. Hata soda ya kufulia yenyewe huwasha macho na ngozi, kwa hiyo iweke mbali na watoto. Usiitumie kwa nguo za sufi au hariri, wala kwa sufuria za alumini, kwa sababu itazigeuza nyeusi.

Maji yaliyotiwa soda au magadi si ya kunywa wala ya kumchanganyia mtoto maziwa. Magadi ghafi huweza kuwa na floraidi nyingi, ambayo huharibu meno na mifupa. Pia usiyamwage maji hayo kwenye sukuma wiki au migomba kila siku; sodiamu iliyomo huharibu udongo.

Kuondoa ukoko na madoa

Ukoko wa birika huondoka kwa siki au maji ya ndimu. Changanya siki na maji kiasi sawa, chemsha, acha nusu saa, kisha suuza vizuri. Kichwa cha shawa kilichoziba kiloweke humo usiku mmoja. Usitumie siki kwenye sakafu ya saruji au ya marumaru, kwa kuwa asidi huila. Na usichanganye siki na jiki au dawa yoyote ya klorini. Mchanganyiko huo hutoa hewa yenye sumu.

Mashine za kulainisha maji

Hoteli, hospitali na baadhi ya nyumba hutumia mashine zinazopitisha maji kwenye punje maalumu. Punje hushika kalsiamu na magnesiamu na kutoa sodiamu mahali pake. Baada ya muda huoshwa kwa maji ya chumvi ili zifanye kazi tena. Aliye na mashine hii apunguze sabuni kabisa, la sivyo atasuuza bila kumaliza. Abakize bomba moja la jikoni lisilopitia mashine, hasa kukiwa na mtu mwenye shinikizo la damu. Maji ya chumvi yanayotoka kwenye mashine yasimwagwe karibu na kisima.

Povu si kipimo cha usalama

Zipo kaya zinazoacha maji ya kisima kilichofunikwa na kwenda kuteka ya bwawa, kwa sababu tu ya bwawa yanatoa povu. Ni kweli maji ya bwawa mara nyingi ni laini. Lakini bwawa hunywewa na mifugo na kupokea kila kilichosombwa na mvua. Maji magumu hayana madhara yanayojulikana kwa afya, na kalsiamu iliyomo mwili unaihitaji. Kipindupindu hakionekani kwenye povu.

Kwa upande mwingine, kulainisha maji hakuui vijidudu na hakuondoi chumvi. Maji ya kunywa bado yachemshwe au yatiwe dawa. Na mikono inatakata hata kwa maji magumu, ila itataka sabuni zaidi kidogo na kusugua zaidi. Usiache kunawa kwa sababu ya povu.

Kama maji ya kisima chenu yana ladha, rangi au harufu isiyo ya kawaida, muulize afisa wa afya ya umma wa eneo lako jinsi ya kuyapeleka kupimwa. Kama tatizo ni povu tu, anza na chupa mbili na vipande viwili vya sabuni.