Santuri ya Watu Wasiosemezana

Katika ushairi wetu wa pwani malumbano yana adabu yake. Anayerushiwa kijembe hungoja zamu yake, kisha akajibu kwa vina na mizani ile ile. Waingereza watano wa bendi ya Deep Purple walifanya jambo gumu kuliko hilo: mmoja alimrushia mwenzake kijembe, na yule aliyerushiwa ndiye aliyeupigia wimbo huo gitaa.

Wimbo wenyewe waitwa "Smooth Dancer", nao umo katika santuri yao ya saba, "Who Do We Think We Are", iliyotoka mapema mwaka 1973. Maana ya jina hilo ni "Tunajiona Sisi Nani", na lilitokana na barua za ghadhabu za watu waliouliza hawa vijana wanajiona nani. Mwimbaji Ian Gillan anamsema mtu avaaye nguo nyeusi, mwenye kujiona. Hamtaji jina. Lakini aliyewahi kumwona mpiga gitaa Ritchie Blackmore na mavazi yake meusi hakuhitaji mkalimani. Fumbo mfumbie mjinga, mwerevu huligangua.

Masikio yangu, msomaji, yamefunzwa chuoni na katika taarabu, na ngurumo za magitaa ya umeme hunichosha upesi. Santuri hii nimeirudia mara nyingi kwa sababu ya ugomvi uliomo ndani.

Chanzo chake kikubwa kilikuwa uchovu. Mwaka 1971 na 1972 bendi ilikuwa njiani karibu bila ya kupumzika, ikienda Marekani na kurudi. Gillan aliugua homa ya ini mwaka 1971. Blackmore akapatwa na maradhi hayo hayo mwaka uliofuata. Wagonjwa wakainuka kitandani, safari zikaendelea. Miaka mingi baadaye Gillan alisema kwamba mameneja wema wangaliwaambia wasimame, waende likizo ya miezi mitatu. Wao walitakiwa watoe santuri nyingine.

Basi Julai 1972 wakaenda Roma na studio iliyofungwa ndani ya lori, mali ya wenzao Rolling Stones. Katika kazi ya huko uliobaki santurini ni "Woman from Tokyo", wimbo wa kuisifu Japani uliorekodiwa kabla hawajatia mguu nchini humo. Oktoba wakakusanyika tena Walldorf, karibu na Frankfurt, Ujerumani. Kufikia hapo Gillan na Blackmore walikuwa wakiepukana kama mitalaa.

Wahakiki wengi wameiita santuri hii dhaifu mbele ya "Machine Head" ya mwaka 1972. Kwa nyimbo mbili tatu nawaunga mkono. Lakini sikiliza "Place in Line", unaokwenda taratibu kama foleni ya watu waliokata tamaa, na kinanda cha marehemu Jon Lord katika "Rat Bat Blue". Kisha uko "Mary Long". Humo Gillan amewachanganya watu wawili mashuhuri wa Uingereza, Bi Mary Whitehouse na Lord Longford, waliokuwa wakipiga vita uchafu katika televisheni na vitabu, akawafanya mtu mmoja wa kuchekwa. Katika hoja yenyewe mimi niko upande wa Bi Mary. Mtu aliyelelewa na mashekhe atakuwa upande gani tena? Hata hivyo ufundi ni ufundi. Kuwafunga wawili kwa kamba moja ya jina ni kazi ambayo malenga wetu wangeitambua.

Desemba 1972, santuri haijafika madukani, Gillan aliandika barua ya kujiuzulu. Akaendelea kuimba miezi sita zaidi, kila usiku jukwaa moja na mtu asiyesemezana naye. Tarehe 29 Juni 1973 aliimba mara ya mwisho mjini Osaka, mji ule ule ambako sehemu kubwa ya "Made in Japan", santuri yao ya jukwaani, ilirekodiwa Agosti 1972. Mpiga besi Roger Glover akaondoka pamoja naye. (Walirudiana mwaka 1984, lakini hayo yana siku yake.)

Mwezi uliofuata "Smoke on the Water", wimbo wa "Machine Head", ulifika nafasi ya 4 katika orodha ya Marekani. Aliyeuimba alikuwa amekwisha kwenda zake.