SOMO LA LEO: MAHAKAMA ZETU NA TARATIBU ZAKE

Kila mtu ashike daftari na penseli.

Leo tunajifunza habari za mahakama za Tanzania Bara. Zote hutoa haki, lakini kila moja ina utaratibu wake.

Tuanze na Mahakama ya Mwanzo, iliyo karibu nawe. Tuseme umemuuzia jirani yako magunia mawili ya mahindi, naye hataki kulipa. Nenda huko ukaeleze shauri lako. Huna haja ya kujua kuandika hati: ukisema kwa mdomo, maneno yako huandikwa. Siku ya shauri, wewe mdai utasema kwanza, kisha mashahidi wako, halafu mdaiwa. Kila mmoja anaweza kumwuliza mwenziwe maswali. Katika shauri la madai, jamaa yako aweza kusema kwa niaba yako, hakimu akitoa ruhusa. Mahakama hii husikiliza pia mashauri ya mirathi yanayofuata mila au sheria ya Kiislamu.

Katika Mahakama ya Wilaya, mambo ni mengine. Hapo madai huletwa kwa maandishi, naye mdaiwa hujibu kwa maandishi. Katika jinai, mwendesha mashtaka husimama kwa niaba ya Jamhuri. Akimaliza mashahidi wake, hakimu huamua kwanza kama mshtakiwa ana kesi ya kujibu. Kama hana, huachiwa. Kama anayo, hujitetea.

Mashtaka ya kuua kwa kukusudia huanza kutajwa mahakama ya chini, lakini kwa kawaida husikilizwa na Jaji wa Mahakama Kuu.

Juu ya zote ni Mahakama ya Rufani, iliyoanzishwa mwaka 1979. Hapo kwa kawaida majaji watatu hukaa pamoja. Hawaiti mashahidi upya. Husoma kumbukumbu za shauri na kusikiliza hoja za pande mbili. Kwa hiyo, neno usilolisema chini ni vigumu kulisema juu.

Sasa sikiliza vizuri. Ukishindwa katika Mahakama ya Mwanzo, unaweza kukata rufani Mahakama ya Wilaya. Una siku 30, nazo huhesabiwa tangu siku ya uamuzi, si tangu siku uliyopata nauli, wala siku mavuno yalipokwisha. Ukichelewa, itakubidi kuomba kuongezewa muda na kueleza sababu ya maana. Wengi wamepoteza shamba la haki kwa kungoja tu. Basi siku ya hukumu, andika tarehe katika daftari lako. Hiyo ndiyo faida ya kujua kusoma na kuandika.

Tangu mwaka 2021 sheria imekifanya Kiswahili kuwa lugha ya mahakama. Usipoelewa neno, uliza.

Maswali ya kikundi:
1. Shauri la deni huanzaje katika Mahakama ya Mwanzo, na katika Mahakama ya Wilaya?
2. Hukumu ya Mahakama ya Mwanzo imetolewa tarehe 3 Juni. Siku 30 zitakwisha lini?

Kwaherini, hadi somo lijalo.