Njia ya fimbo na mkazo wa vidole

Lubumbashi ni jiji lenye mtaa uitwao Golf. Mchezo wa gofu, wenye jina hilo, huonekana kudai nguvu. Kwa kweli hudai zaidi mpangilio.

Mwaka 1957, bingwa wa Marekani Ben Hogan aliwataka wachezaji wawazie kioo kilichoinamishwa kutoka kwenye mpira hadi mabegani. Fimbo ikipanda, isikivunje. Anayepigia kulia akiishusha fimbo kutoka nje, huku uso wa fimbo ukiwa wazi, yaani umeelekea kulia, mpira hupinda kulia.

Na mkazo wa vidole? Hogan alitaka vidole vitatu vya mwisho vya mkono wa kushoto vishike imara. Mikono yote miwili ikiikaba fimbo, misuli hukakamaa mpaka mabegani na kasi hupotea, kosa linalowaangusha wengi wanaoanza.