Dawa ya mpox ilishindwa, lakini wagonjwa wengi walipona

Wandugu, juu nilisoma mambo ya maabara, kuna ulizo moja narudishiwa kila mara: «Dawa ya mpox iko ao haiko?»

Wengi wamesikia jina tecovirimat. Ilitengenezwa juu ya ndui. Marekani iliikubali mwaka 2018 bila kuijaribu kwa mgonjwa hata mmoja wa ndui, maana ndui ilishakwisha duniani: nguvu yake ilipimwa kwa nyani na sungura, usalama wake kwa watu wazima wenye afya. Inazuia protini ambayo kirusi kinahitaji ili kijifunike, kitoke ndani ya seli na kushambulia nyingine. Kirusi cha ndui na cha mpox ni ndugu, kwa hiyo matumaini yalikuwa na msingi.

Jaribio lilifanyika kwetu, toka Oktoba 2022, Tunda (Maniema) na Kole (Sankuru). INRB ya profesa Muyembe ilishirikiana na NIH ya Marekani. Wagonjwa 597, wakubwa na watoto. Wamoja walipewa tecovirimat, wengine vidonge vinavyofanana lakini bila dawa ndani, na si mgonjwa si munganga aliyejua nani anakunywa nini. Matokeo yalitoka tarehe 15 Agosti 2024, kesho yake kisha OMS kutangaza dharura. Dawa haikuwa na hatari, lakini vidonda havikupona haraka zaidi.

Wengi waliachia kusoma hapo. Mimi naona ndipo habari inaanzia. Kati ya wagonjwa wote, wenye dawa na wasio nayo, walikufa 1,7% tu, na kawaida Kongo vifo vinafika 3,6% ao zaidi. Wote walipata nini? Kitanda kwa siku 14 angalau, chakula, maji, na matibabu ya maambukizi mengine. Mtu wa takwimu atasema hawakulinganishwa na kundi lililobaki nyumbani, na ana haki. Lakini angalia namna mpox inavyoua: ngozi ikifunguka, bakteria wanaingia, mtoto mwenye vidonda kinywani anakataa kunywa, mwili unakauka.

Mwaka 2025 dawa nyingine, brincidofovir, imeanza kujaribiwa hapa hapa Kongo. Tungoje. Kwa sasa, mtu akinipigia simu juu ya dawa, mimi namuuliza kwanza: mgonjwa anakunywa maji? Vidonda viko na usaha? Na kituo cha afya kiko mbali gani?