Paka na Matunda katika Maboma ya Kisii na Nyamira

Katika kaunti za Kisii na Nyamira, ambako migomba na miparachichi huota hadi karibu na milango ya nyumba, paka anayefugwa ili panya wasimalize mahindi ghalani hukutana na matunda kila siku. Na anayeuliza iwapo matunda hayo yanamfaa hana budi kutenganisha mambo mawili, kwani kisichomdhuru mnyama si lazima kimjenge.

Paka ni mla nyama wa lazima, yaani mnyama ambaye mwili wake haudumu pasipo nyama au samaki. Mwaka 2005, watafiti wa kituo cha Monell mjini Philadelphia, Marekani, walionyesha kwamba jeni mojawapo ya zile zinazounda kipokezi cha utamu ulimini haifanyi kazi kwa paka, ndiyo maana hausikii utamu wa ndizi mbivu. Vitamini C hujitengenezea mwenyewe, ilhali karotini, ile rangi ya papai ambayo binadamu huigeuza kuwa vitamini A, mwili wake hauwezi kuigeuza.

Kipande kidogo cha ndizi mbivu iliyomenywa hakimdhuru paka mwenye afya. Parachichi lina persini, sumu inayodhuru ndege, na pia mbuzi na ng'ombe walao majani yake. Ingawa paka huistahimili zaidi, mafuta ya tunda hilo yaweza kumwendesha tumbo na kokwa yaweza kumkaba. Maganda ya machungwa na malimau yana mafuta makali ambayo ini la paka, kwa kupungukiwa na baadhi ya vimeng'enya vinavyovunja sumu, huyaondoa kwa shida.

Hata hivyo, sahani ya makombo yastahili kuangaliwa kuliko tunda, kwa kuwa kitunguu kilichokaangiwa mboga huharibu chembe nyekundu za damu ya paka, nao ugali au ndizi za kupika, zikiwa ndizo chakula chake cha kila siku, humnyima taurini, kirutubisho cha nyama na samaki ambacho kikikosekana kwa muda mrefu hupofusha macho na kudhoofisha moyo. Omena, samaki wadogo wa Ziwa Victoria wanaouzwa katika masoko ya kaunti hizo, wakichemshwa bila chumvi wala kitunguu, humpatia kirutubisho hicho, mradi apewe pamoja na maji waliyochemshiwa, maana taurini huyeyuka majini, na anayeyamwaga humwaga sehemu ya lishe yenyewe.