Ovadrafti isiyoisha: jinsi ya kuifunga kufikia Desemba bila kulaza watoto njaa

Ukipanda matatu pale Kinoo asubuhi ya tarehe 29, utaona watu wakitazama simu kwa makini kuliko siku nyingine. Mshahara umeingia au bado? Ujumbe unafika: Sh42,000. Dakika chache baadaye mtu anaangalia salio na kukuta Sh22,000 tu. Hakuna aliyeiba. Benki imechukua chake kwanza, kwa sababu akaunti ilikuwa imezama kwa Sh20,000 tangu mwezi jana, na mwezi uliotangulia, na pengine tangu Januari ile ya karo.

Hiyo ndiyo ovadrafti: ruhusa ya kutumia pesa zaidi ya zilizo kwenye akaunti yako, hadi kikomo fulani. Ni huduma nzuri ukiitumia siku tatu na kurudisha. Ikikaa miaka miwili inageuka kitu kingine. Unaanza kuihesabu kama sehemu ya mshahara, na siku ikiondoka unahisi umepunguziwa kazi.

Wateja wengi hutuuliza swali moja: mtu atalipaje deni la namna hii na hesabu ya nyumba tayari imekaza? Dawa ya deni ni kulipa, tunajua sote. Lakini ukiwa na madeni mawili, uanze na lipi? Hapo ndipo watu wengi hukosea, kwa sababu macho huenda kwa deni kubwa. Tupige hesabu pamoja.

Deni dogo linaweza kuwa ghali kuliko kubwa

Watu wengi wenye ovadrafti ya benki wana nyingine kwenye simu. Fuliza ilianza Januari 2019, na jina lake linasema ukweli mtupu: kufuliza ni kufanya jambo mfululizo, bila kukoma. Siku hizi ni kitenzi cha kila siku. Mtu anafuliza tokeni za stima, anafuliza nauli, anafuliza unga.

Tofauti kubwa iko kwenye bei. Benki hutoza ovadrafti riba ya asilimia kwa mwaka, ikihesabiwa kila siku kwa kiasi ulichotumia. Tuseme riba yako ni asilimia 18. Ukizama kwa Sh20,000 mwezi mzima, riba ni takriban Sh300.

Ovadrafti ya simu hutoza ada ya kuingia ya asilimia 1, kisha ada ya kila siku kulingana na kiwango cha deni. Kwa bei zilizotangazwa Septemba 2022, deni la kuanzia Sh2,501 kwenda juu hutozwa Sh25 kwa siku. Sh25 ni nini? Hainunui hata mkate. Lakini zidisha kwa siku 30, inakuwa Sh750.

Soma tena hapo. Deni la Sh2,600 kwenye simu, likikaa mwezi mzima, linakula Sh750. Deni la Sh20,000 kwenye benki linakula Sh300. Deni dogo linakugharimu zaidi ya mara mbili ya deni kubwa, na ukiliacha mwaka mzima litakula Sh9,125, zaidi ya mara tatu ya deni lenyewe.

Hatusemi ovadrafti ya simu ni mbaya. Kwa bei hizo hizo, ukikopa Sh1,000 au chini yake, siku tatu za kwanza hazina ada ya kila siku. Huduma hii imetengenezwa kwa mtu anayekopa leo na kurudisha keshokutwa. Ukikaa nayo mwezi, unalipia teksi ya siku moja kwa bei ya kuikodi mwezi mzima.

Kwa hivyo jibu la "nianze na lipi" ni hili: anza na la simu, kisha uende benki.

Nyumba ya mfano, Kinoo

Tuchukue familia ya watu wanne, chumba kimoja cha kulala na sebule, mshahara mmoja wa uhakika. Nambari hizi ni za mfano, weka zako.

Mshahara baada ya makato: Sh42,000. Kodi ya nyumba 13,000. Chakula 12,000. Karo wanayoweka kando 5,000. Nauli 4,000. Stima, maji na gesi 3,500. Chama 1,000. Wazazi ushago 1,000. Intaneti na salio la simu 1,000. Jumla Sh40,500. Zinabaki 1,500.

Sasa toa riba ya benki, 300, na gharama ya deni la simu, 750. Zinabaki Sh450. Mtoto akihomoa usiku mmoja tu, hizo zimeisha, na mtu anafuliza tena. Mwezi ukifika kona wanasukuma wiki ya mwisho kwa deni. Ndiyo sababu deni haliishi. Si kwamba familia hii inaponda raha. Hakuna hata shilingi moja ya raha kwenye orodha hiyo.

Hatua ya kwanza: Februari na Machi, zika deni la simu

Wanahitaji kuongeza kitu juu ya zile 450. Tunapendekeza kuangalia chakula, lakini si kwa kula kidogo. Angalia jinsi kinavyonunuliwa. Mafuta ya kupima, sukari ya kupima, sabuni ya kipande: kila ukinunua kadogo, bei ya kilo moja hupanda. Vitu vikavu vikinunuliwa mara moja mwanzo wa mwezi, na mboga zikaendelea kutoka kwa mama mboga kila jioni kama kawaida, tuseme familia hii inaokoa Sh1,000.

450 na 1,000 ni Sh1,450. Kwa miezi miwili ni 2,900. Deni la simu la 2,600 limezikwa, na chenji imebaki.

Mambo mawili ya kuangalia hapa. Kwanza, pesa yoyote inayoingia kwenye akaunti ya simu yenye deni huchukuliwa kulipa deni kabla hujaigusa. Ukitumiwa pesa ya dawa ukiwa na deni, dawa haitanunuliwa, na utalazimika kukopa upya na kulipa ile asilimia 1 tena. Kwa hivyo deni lote la simu lilipwe siku ile ile ya mshahara, kwa mpango, na pesa ya chakula iingie baadaye.

Pili, usihamishe pesa kidogo kidogo kutoka benki kwenda kwa simu. Ada za uhamisho huo ziliondolewa Machi 2020 wakati wa korona, lakini zilirudi Januari 2023. Uhamisho mmoja wa wiki nzima ni nafuu kuliko wa soo mbili mbili kila jioni.

Deni likishafika sufuri, unaweza kujiondoa kwenye huduma kabisa. Ukijijua mkono wako ni mwepesi, jiondoe siku hiyo hiyo. Utajiunga tena ukitaka.

Hatua ya pili: kuanzia Aprili, shuka ngazi ya benki

Deni la simu likiondoka, zile Sh750 zinarudi nyumbani. Sasa familia ina 1,450 na 750, yaani Sh2,200 kila mwezi, bila kupata nyongeza yoyote ya mshahara.

Ukiweka 2,200 kwenye ovadrafti ya 20,000, mwisho wa Aprili deni ni 17,800. Mei ni 15,600. Juni ni 13,400. Na kadiri deni linavyopungua, riba nayo inapungua, karibu Sh33 kila mwezi, na hizo pia unazielekeza huko. Ukiendelea hivyo, mwezi wa tisa unamaliza. Aprili hadi Desemba ni miezi tisa. Januari ya karo inakukuta akaunti yako ikiwa sufuri au juu kidogo, na mshahara unaoingia ni wako wote.

Zamu yako ya chama ikifika katikati ya mwaka, elekeza hata nusu yake huko. Chama cha watu kumi wanaotoa thao moja kila mmoja kinakupa Sh10,000. Weka 5,000 kwenye deni na utakuwa umekata miezi miwili.

Lakini kuna mtego. Ovadrafti ni mlango ulio wazi. Umelipa 2,200 leo. Wiki ijayo benki bado inakuruhusu kuichukua tena. Watu wengi huanza vizuri na kurudi chini hivyo hivyo. Dawa yake ni kufunga mlango unapopita.

Nenda kwenye tawi na uombe kwa maandishi kikomo chako kishushwe kila miezi mitatu. Usikibane hadi kwenye deni lenyewe. Kiache hatua moja juu yake. Mwisho wa Juni deni likiwa 13,400, omba kikomo kiwe 15,600. Nafasi hiyo ya 2,200 ndiyo akiba yako ya dharura mtoto akiugua.

Maswali ya kumuuliza afisa wa benki

Usiende kuomba huruma. Nenda na maswali.

Riba yangu ni asilimia ngapi kwa mwaka? Kuna ada ya kuhuisha ovadrafti, na inakatwa lini? Nikipita kikomo natozwa nini? Na swali kubwa: mnaweza kugeuza ovadrafti hii iwe mkopo wa kawaida wa kulipa kila mwezi?

Hilo la mwisho lafaa sana kwa mtu anayejua hawezi kujizuia. Sh20,000 kwa miezi 12 kwa riba ya asilimia 18 ni takriban Sh1,834 kila mwezi, na hakuna mlango wa kurudi. Uliza kwanza ada za kuandaa mkopo huo ni kiasi gani, maana zinaweza kula faida yote.

Kumbuka pia kwamba benki ina haki ya kudai ovadrafti ilipwe yote wakati wowote. Mkopo wa awamu una ratiba, ovadrafti haina. Ukipoteza kazi, tofauti hiyo utaihisi.

Kidokezo kingine ambacho wengi hawakijui: kwa kuwa riba huhesabiwa kila siku, kila siku ambayo mshahara unakaa kwenye akaunti ni siku ya riba ndogo. Lipa kodi ikifika tarehe yake, toa pesa ya chakula kwa wiki, na uache zilizobaki zitulie benki. Kutoa zote siku ya kwanza ni kuilipa benki bure.

Ukishachelewa tayari

Labda unasoma hii na simu za benki umeacha kuzipokea. Zipokee. Benki hupendelea mtu anayelipa 1,000 kila mwezi kuliko aliyenyamaza, na ni rahisi kukubaliana kabla jina lako halijapelekwa CRB kuliko baadaye. Deni la chini ya Sh1,000 halipaswi kukuweka kwenye orodha mbaya ya CRB. Benki Kuu iliweka kiwango hicho Aprili 2020. Una haki pia ya kupata ripoti yako ya mikopo bure mara moja kwa mwaka kutoka kwa kampuni za CRB: TransUnion, Metropol na Creditinfo. Iombe na uisome. Wakati mwingine deni ulilolimaliza kitambo bado limeandikwa.

Na usiogope kwamba deni litakua hadi likumeze. Kifungu cha 44A cha Sheria ya Benki, kinachotumika tangu 2007, kinasema mkopo ukishahesabiwa kuwa haulipwi, riba inayoongezwa haiwezi kupita deni lililokuwapo siku hiyo. Ulikuwa na deni la 20,000? Riba inaishia 20,000 nyingine, pamoja na gharama za kudai. Bado ni pesa nyingi, lakini ina mwisho, na kitu chenye mwisho kinaweza kupangiwa.

Fanya hivi leo jioni

Chukua karatasi. Andika deni la simu na ada yake ya siku, kisha zidisha kwa 30. Andika deni la benki na riba yake ya mwezi. Weka nambari hizo mbili kando kando, na umwonyeshe mnayeshirikiana naye nyumba, mume, mke au ndugu. Mpango wa mtu mmoja huvunjika Ijumaa ya kwanza. Mpango wa watu wawili una shahidi.

Kisha chagua tarehe ya mshahara ujao na uandike kiasi kimoja tu, hata kama ni Sh500, ambacho kitatoka siku hiyo kabla ya kitu kingine chochote. Haba na haba hujaza kibaba, na deni nalo huondoka hivyo hivyo, haba na haba.