Mpira Ukishaunyang'anya, Unafanya Nini?



Hapa Awendo hatuhitaji kumweleza mtu mpira ni nini. Mwaka 2006 timu yetu ya SONY Sugar ilichukua ubingwa wa ligi kuu ya Kenya, na kombe likaja huku kwenye miwa. Lakini tukitazama timu za vikundi vyetu jioni, tunaona kosa moja kila mara. Beki ananyang'anya mpira vizuri kabisa, halafu anaubutua juu. Watu pembeni wanapiga makofi. Mpira unaangukia adui, na kazi inaanza upya. Kwa mchezo wa namna hiyo, kijana mdogo wa mwili mwenye akili ya mpira hana kazi. Anakaa benchi wiki baada ya wiki, na mwishowe haji tena, hata kwenye mkutano wa kikundi.

Kushambulia haraka si mbio tu. Adui akipoteza mpira, watu wake wametawanyika kwa sababu walikuwa wanakuja kwenu. Nafasi hiyo ni ya sekunde chache, kisha wanarudi nyuma na mlango umefungwa.

Kwa hivyo mafunzo yaanze na mguso wa kwanza. Mchezaji atazame nyuma ya bega lake kabla mpira haujamfikia. Asimame upande upande, asiupe mgongo goli la adui, ili mguso mmoja tu uupeleke mpira mbele, mahali penye nafasi. Akiusimamisha chini ya mguu kwanza, amechelewa. Viwanja vyetu vina mashimo na nyayo za ng'ombe, tunajua. Ndiyo sababu magoti yawe yamekunjwa kidogo na macho yaufuate mpira mpaka mguuni.

Pasi ya kwanza itoke kwenye msongamano, ipigwe kwa upande wa ndani wa mguu, chini na kwa nguvu, mbele ya mwenzake anayekimbia. Ikipigwa nyuma yake, anasimama, na shambulizi limekufa. Mwenye nafasi wazi mbele yake aukokote kwa miguso mirefu. Akikaribia beki, miguso iwe mifupi.

Zoezi lenyewe ni rahisi. Pimeni hatua 30 kwa 20, wekeni vijiti pembeni, wachezaji wanne kwa wanne. Timu ikinyang'anya mpira, kocha anahesabu kwa sauti mpaka sita. Lazima mpira uvuke mstari wa adui kabla ya sita, kwa pasi au kwa kukokota. Kubutua hakuhesabiwi. Siku za kwanza itakuwa fujo tupu, msife moyo. Wachezeni dakika nne, wapumzike mbili, kwa maana mbio hizi zinachosha kuliko wanavyodhani.

Sheria nazo zinasaidia wanaozijua. Hakuna kuotea ukiwa upande wenu wa uwanja wakati pasi inapigwa, kwa hivyo mshambuliaji asubiri hapo, aondoke mpira ukishapigwa. Hakuna kuotea ukipokea moja kwa moja mpira wa kurusha au wa golikiki. Tena tangu 2025 kipa akiushika mpira zaidi ya sekunde nane, adui anapewa kona. Kipa basi ndiye mshambuliaji wa kwanza: afundishwe kurusha kwa mkono, chini chini, kwa winga aliye peke yake.

Jambo la mwisho ni la mweka hazina. Vikundi vingi vinanunua jezi kwanza, pengine kwa ajili ya picha. Timu yenye mpira mmoja inawaacha vijana 20 kwenye foleni wakingojea kuugusa mara moja. Nunueni mpira wa pili na wa tatu. Jezi zingoje, fulana za nyumbani zinatosha mazoezini.